Saksafoni ya Courtney Pine na nyimbo ambazo watu walizijua tayari

Mwaka 1986 mpiga saksafoni wa London, Courtney Pine, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alitoa albamu yake ya kwanza, Journey to the Urge Within. Iliingia katika orodha ya albamu 40 zilizouzwa zaidi Uingereza, jambo la nadra kwa muziki wa jazz.

Siri mojawapo ilikuwa uteuzi wa nyimbo. Pamoja na tungo zake, Pine alipiga Peace ya Horace Silver na Dolores ya Wayne Shorter, wote wawili Wamarekani. Kisha akaweka Children of the Ghetto, wimbo wa soul wa mwaka 1977 wa kundi la The Real Thing kutoka Liverpool. Aliyeuimba ni Susaye Greene, aliyepata kuwa mmoja wa The Supremes.

Katika jazz, wimbo huelezwa kwanza kama ulivyo. Baadaye mpigaji huuacha, akabuni yake papo hapo juu ya msingi uleule, kisha akarejea. Blues, yenye mzunguko wa vipimo 12 unaorudiwa, ndiyo shule ya ufundi huo. Msikilizaji anayeujua wimbo hapotei njiani. Asiyeujua huenda akasikia kelele tupu. (Waliokua wakisikiliza Dar es Salaam Jazz au Morogoro Jazz walilijua neno hilo kwa maana nyingine kabisa: muziki wa dansi, magitaa mbele, saksafoni zikiitikia.)

Lakini wimbo ule haukuwa chambo tu. Mwaka 1981, na tena 1985, vijana weusi na polisi walipambana katika mitaa ya Brixton. Pine, ambaye wazazi wake walitoka Jamaica, aliurudisha wimbo unaohusu watoto wa mitaa duni wakati majeraha hayo yangali mabichi.

Mwaka 1990 aliupiga I'm Still Waiting wa Diana Ross kwa mahadhi ya reggae, Carroll Thompson akiimba. Ni mwepesi kuliko kazi zake nyingine, ila unapendeza.

Pine pia alisaidia kuanzisha bendi ya Jazz Warriors. Mwenzake katika bendi hiyo, Gary Crosby, pamoja na Janine Irons, walianzisha Tomorrow's Warriors mwaka 1991 ili kuwafunza vijana. Huko ndiko walikopitia Ezra Collective, kundi la jazz lililotwaa tuzo ya Mercury mwaka 2023.