Protini Moja, Majina Matatu

Chukulia mtoto aliyetibiwa homa katika zahanati moja ya Handeni, kisha akapelekwa hospitali ya Korogwe. Handeni aliandikwa kwa jina la ukoo. Korogwe mama yake akataja jina la nyumbani. Mwenye kujumlisha madaftari hayo mawili atahesabu wagonjwa wawili, ilhali mtoto ni yule yule. Tatizo la namna hiyo huwakabili wataalamu wanaokusanya habari za jinsi molekuli zinavyoshikamana mwilini mwa binadamu.

Mfano mmoja unahusu Korogwe yenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark na Tanzania, waliochunguza vimelea kutoka kwa watoto waliolazwa huko, walionyesha kwamba malaria kali huandamana na aina fulani za protini ambazo kimelea huzichomoza juu ya chembe nyekundu ya damu. Protini hizo huinasisha chembe kwenye kuta za mishipa. Lakini hushika nini hasa? Jibu lilipatikana mwaka 2013, baada ya kujaribiwa dhidi ya protini zaidi ya 2,000 za utando wa seli za binadamu. Iliyoshikwa ni EPCR, yaani kipokezi cha protini C. Katika hali ya kawaida protini C hujishikiza hapo, ikazuia damu isigande ovyo na kuzilinda kuta za mishipa. Kimelea kikikalia kiti hicho, mwenye kiti hukosa nafasi.

Sasa, kipokezi hicho kina majina mengine: jeni yake huitwa PROCR, na wataalamu wa kinga hukiita CD201. Anayeunganisha kanzidata mbalimbali kwa majina matupu atadhani ameona vipokezi vitatu, wala hatatambua kwamba kiti kilichotekwa ndicho cha protini C. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ya makarani tu, hawajajaribu kuifanya.

Dawa ya kwanza ni namba. Katika kanzidata ya UniProt kipokezi hicho ni Q9UNN8, kwa jina lolote utakalolitumia. Mwaka 2004 ulitangazwa pia mtindo wa pamoja wa kuandika kila mshikamano: umeonekana kwa njia gani, na katika makala ipi. Kipengele hicho cha makala kina uzito wake, kwani jaribio moja lililonakiliwa katika kanzidata mbili huonekana kama mashahidi wawili.