Ukienda Wimbledon, lala karibu na reli

Ijumaa ya tarehe 13 Julai 2018, Novak Djokovic na Rafael Nadal waliingia Uwanja Mkuu wa Wimbledon jioni, maana nusu fainali iliyowatangulia, ya Kevin Anderson na John Isner, ilikuwa imekula saa 6 na dakika 36. Wakacheza chini ya paa, taa zikiwaka, hadi saa tano usiku ilipopita kidogo. Hapo mchezo ukasimamishwa, Djokovic akiongoza kwa seti mbili kwa moja. Halmashauri ya Merton, yenye mamlaka ya eneo hilo, haitaki mechi ivuke saa tano, ili majirani walale na watazamaji wawahi treni. Pambano likamalizwa kesho yake.

Kila nikiulizwa na mashabiki wa tenisi wa huku kwetu juu ya safari ya Wimbledon, huanza na usiku ule. Wengi huuliza kwanza habari za tiketi. Tiketi ni kazi, nakubali, lakini kinachommaliza mgeni ni malazi. Saa tano usiku umetoka uwanjani, umechoka, simu imeishiwa chaji, hujui mtaa: kitanda chako kiko wapi, na utakifikia kwa njia gani?

Ushauri wangu ni kutafuta chumba kando ya reli ya District, ile ya kijani kwenye ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Anayeng'ang'ania kulala jirani na uwanja hulipa sana na hupata kidogo.

Klabu ya All England iko Church Road tangu 1922, na mtaa unaoizunguka ni wa watu kuishi: nyumba za matofali zenye bustani, maduka machache, shule, makanisa. Hoteli zinahesabika. Mashindano yanapokaribia, wenyeji wengi hukodisha nyumba zao nzima kwa wachezaji, makocha na watu wa televisheni, kisha wao wenyewe huondoka kwenda likizo. Ni desturi ya miaka mingi, na inaeleweka. Mchezaji anataka jiko lake, kitanda kimoja kwa wiki mbili na njia ya kutembea hadi mazoezini. Tangu 2022 mashindano huchezwa siku 14 bila kupumzika Jumapili ya katikati, na zaidi ya watu nusu milioni hupita malangoni. Chumba cha kawaida kinachobaki kwa mtu kama wewe na mimi huwa kimeshapandishwa bei mara kadhaa kabla hujakiona.

Na hapo ndipo matangazo yanapowanasa watu. Utaona "karibu na Wimbledon", utaangalia picha, utalipa. Wimbledon ni mji mdogo ndani ya jiji, na uwanja hauko katikati yake. Stesheni ya South Wimbledon, iliyoko kwenye reli nyingine kabisa, iko mbali na viwanja kiasi kwamba kwa miguu utatoka jasho kabla mchezaji hajatoka. Hata stesheni yenyewe ya Wimbledon inakupa kama dakika 20 za kutembea, na mwanzo wake ni mlima. Stesheni inayofaa ni Southfields: kutoka hapo unafuata barabara ya Wimbledon Park Road, tambarare, kwa muda wa kama robo saa, huku umati ukikuonyesha njia. Kwa hiyo unapopima chumba, usiangalie umbali wake hadi Wimbledon. Angalia ni vituo vingapi hadi Southfields, na kama utalazimika kubadilisha treni.

Vituo vya kushika kichwani, ukitoka katikati ya jiji kushuka kusini, ni Earl's Court, West Brompton, Fulham Broadway, Parsons Green, Putney Bridge, East Putney, kisha Southfields. Chumba chochote kilicho umbali wa dakika chache kutoka mojawapo ya vituo hivi kinastahili kufikiriwa. Parsons Green na Putney Bridge ni mitaa tulivu, na kutoka huko ni safari fupi sana. Lakini nikiambiwa nimchagulie mgeni wa mara ya kwanza, nitamchagulia Earl's Court.

Sababu yangu kubwa ni uwanja wa ndege. Anayetua Heathrow, kama abiria wengi wanaotoka Nairobi, hupanda treni ya Piccadilly na kushuka Earl's Court bila kubadilisha. Siku ya mechi anatoka stesheni hiyo hiyo kwa treni ya District inayoelekea Wimbledon, tena bila kubadilisha, na baada ya kama robo saa yuko Southfields. Mtu mwenye masanduku, aliyelala kwenye ndege, hana haja ya kujifunza ramani nzima ya London kwa siku moja. Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki langoni, unapoingia na unapotoka, na ina kikomo cha siku: ukishakifikia, safari zinazofuata hazikukati zaidi. Kila mtu atumie kadi yake, kwani kadi moja haiwapitishi watu wawili.

Vyumba vya Earl's Court vina sifa zake, na ni vyema uzijue kabla. Mtaa umejaa nyumba ndefu za karne ya 19 zilizogeuzwa hoteli ndogo na hosteli. Chumba nilichowahi kupewa kilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Ngazi zilikuwa nyembamba, zulia lake limelika katikati, na sanduku ulilibeba mwenyewe begani kwa sababu lifti haikuwepo. Kitanda kiligusa ukuta pande mbili, sinki dogo lilibanwa kwenye pembe, na dirisha lilifunguka kiasi cha kupitisha kiganja, basi. Shuka zilikuwa safi, maji ya moto yalitoka, stesheni ilikuwa hatua chache. Nililala vizuri. Ila msidanganywe na sifa ya baridi ya Uingereza: siku ya ufunguzi ya 2025, Juni 30, joto lilipita nyuzi 32, na haijawahi kuwepo siku ya ufunguzi yenye joto kama ile. Hoteli za bei nafuu kwa kawaida hazina kiyoyozi. Kabla ya kulipa uliza kama kuna feni, kama kuna lifti, na kama choo na bafu viko ndani au ni vya kuchangia.

Vyumba vya wanafunzi navyo visisahauliwe. Vyuo kama Imperial na London School of Economics hukodisha mabweni yao kwa wageni wakati wa likizo ya kiangazi. South Kensington, mtaa wa Imperial, iko kwenye reli ya Piccadilly na ya District pia. Ni vyumba vya kawaida, vya mtu mmoja, bila mapambo, na mara nyingi bei yake ni ya kibinadamu.

Halafu kuna ndugu. Waswahili wengi wana mtu London, mara nyingi upande wa mashariki, East Ham au Barking, na wengine hudhani huko ni mbali mno na tenisi. Ni mbali kweli, safari ya saa moja au zaidi kidogo, lakini tazama ramani: East Ham na Barking ziko kwenye reli hiyo hiyo ya kijani. Treni nyingine huenda moja kwa moja hadi tawi la Wimbledon, nyingine unabadilisha Earl's Court. Nilimsikia kijana mmoja akiaga asubuhi kwa shangazi yake, mama wa Mombasa aliyeishi huko miaka mingi:

"Shangazi, leo huenda nikachelewa. Mechi ya mwisho inaweza kufika saa tano."

"Chukua ufunguo, mwanangu. Chakula utakikuta jikoni. Ukipanda treni niandikie, nisilale na roho juu."

Hoteli gani itakusubiri hivyo? Kitu cha kuzingatia ni saa. Treni za District hazikeshi. Baada ya saa sita usiku huanza kukatika, na ukiikosa ya mwisho utabaki na mabasi ya usiku. Anayelala East Ham asisubiri pointi ya mwisho ya mechi ya mwisho.

Ukikodi nyumba au chumba cha mtu binafsi, lipa kupitia mtandao uliokukutanisha naye, usitume pesa benki kwa mtu usiyemjua hata akikupunguzia bei. Jijini London nyumba nzima hairuhusiwi kukodishwa kwa muda mfupi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali, kwa hiyo mwenye nyumba wa kweli anajua sheria na hana sababu ya kukuficha.

Wapo wasiotaka chumba, angalau kwa usiku mmoja. Wimbledon ni kati ya mashindano machache makubwa ambako mtu asiye na tiketi anaweza kupanga foleni na kuingia siku hiyo hiyo, na kila siku mamia ya viti vya viwanja vikubwa huachwa kwa ajili ya watu wa foleni. Wanaovitaka hulala kwenye nyasi za Wimbledon Park katika mahema yasiyozidi ya watu wawili. Moto wa kupikia ni marufuku, na hutakiwi kuiacha nafasi yako kwa zaidi ya nusu saa. Alfajiri wasimamizi hupita wakiamsha watu, mahema yanakunjwa na kupelekwa kwenye hifadhi ya mizigo, na saa nne asubuhi malango hufunguliwa. Naupenda utaratibu huu kwa moyo wote, kwa sababu unampa fundi na mwanafunzi kiti ambacho mahali pengine kingekwenda kwa tajiri. Lakini usiupange mfululizo. Lala hemani usiku mmoja, kisha rudi kwenye kitanda.

Mtu anayesafiri kutoka huku asidhani ni lazima akae Uwanja Mkuu ndipo aone tenisi. Wiki ya pili, tiketi ya kuingia viwanjani tu inakufikisha kwenye mechi za vijana. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alitwaa hapo taji la wasichana wawili wawili, Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana kwenye mashindano makubwa manne. Upande wa pili wa wavu siku ile alikuwepo Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake wametoka Kongo. Nani asingependa kuwa pale akipiga makofi?

Ongeza usiku mmoja kwenye hesabu yako. Mwaka 2001 mvua iliikata nusu fainali ya Goran Ivanišević na Tim Henman hadi ikachukua siku tatu, na fainali ya wanaume ikasukumwa hadi Jumatatu. Paa zipo sasa kwenye viwanja viwili vikubwa, lakini vingine vyote bado viko wazi kwa mawingu.

La mwisho ni mpangilio wa tarehe. Droo ya tiketi ya umma hufanyika mwaka uliotangulia, na ukishinda unapewa siku na uwanja, huchagui wewe. Viza ya matembezi kwa kawaida huombwa si mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, yaani kwa mashindano ya mwisho wa Juni ni kuanzia mwisho wa Machi, na inaweza kukataliwa. Kwa hiyo chumba cha kuweka mapema ni kile unachoweza kukifuta bila kutozwa, hata kama bei yake imezidi kidogo ile isiyorudishwa. Kiweke vuli, kabla Waingereza wenyewe hawajaamka. Soma kwa makini tarehe ya mwisho ya kufuta, na uhakikishe inakuja baada ya jibu la viza.