Homoni ya Kiume na Kipimo cha Damu: Dozi Hupangwaje? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza testosteroni ni nini na kwa nini baadhi ya wanaume huishiwa nayo. Tulitaja maradhi ambayo familia nyingi za jimbo letu la Maniema zinayajua: matubwitubwi yanayoshukia korodani, ukoma, malale, pamoja na unene na umri. Tulisisitiza kwamba hakuna wa kuanzishiwa dawa kabla ya kupimwa asubuhi, akiwa hajala, kwa siku 2 tofauti, matokeo yote yakawa chini na dalili zikawepo. Leo tunamgeukia aliyekwisha kuanza sindano. Dozi yake iongezwe, ipunguzwe, au ibaki ilivyo?

Jibu limo ndani ya damu, ila damu hujibu kulingana na siku unayoiuliza.

Siku ya kupima

Tuchukue mfano wa mwanaume wa mji wa Kindu, anayeishi Alunguli na kuvuka mto kuja Kasuku kuchomwa testosteroni enanthati. Dawa hii imo ndani ya mafuta. Huchomwa kwenye msuli, kisha huingia katika damu kidogo kidogo. Siku za kwanza homoni hupanda sana, halafu hushuka hadi sindano inayofuata. Nahodha anayekwenda Ubundu hapangi safari ya kiangazi kwa kina cha maji kilichopimwa wakati wa mvua, ingawa mto ni uleule. Ndivyo ilivyo kwa damu ya mgonjwa huyu. Akipimwa siku ya 2 ataonekana amezidishiwa. Akipimwa siku ya mwisho ataonekana hana dawa mwilini.

Ndiyo maana Endocrine Society, chama cha mabingwa wa homoni cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2018, kinashauri anayechomwa enanthati apimwe katikati ya sindano mbili. Anayechomwa kila wiki 2 apimwe siku ya 7. Anayechomwa testosteroni undekanoati, ambayo hukaa mwilini takriban miezi 3, apimwe mwishoni mwa kipindi hicho, kabla tu ya kuchomwa tena. Anayejipaka jeli apimwe saa 2 hadi 8 baada ya kujipaka, akiwa ameitumia angalau wiki nzima. Uchunguzi wa kwanza hufanyika kati ya mwezi wa 3 na wa 6 tangu kuanza tiba, na baadaye kila mwaka.

Kuisoma karatasi ya maabara

Kabla ya kuitazama namba, tazama kizio kilichoandikwa pembeni yake. Maabara moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanogramu kwa desilita, nyingine nanomoli kwa lita. Matokeo ya 5 kwa kizio cha kwanza ni sawa na 500 kwa cha pili, na ni kama 17 kwa cha tatu. Mtu aliyepata 17 katika mji mmoja na 5 katika mwingine anaweza kudhani homoni yake imeporomoka na kudai dozi kubwa zaidi, kumbe haikubadilika hata kidogo.

Kwa vijana wasio wanene, kiwango cha kawaida ni nanogramu 264 hadi 916 kwa desilita. Lengo la tiba ni kumfikisha mgonjwa katikati ya kiwango hicho, kwani kupita juu yake huongeza hatari bila kuongeza afya.

Dozi au nafasi?

Mgonjwa anayechomwa miligramu 250 kila wiki 3 hulalamika mara nyingi kwamba wiki ya kwanza ana nguvu na hasira za haraka, na wiki ya tatu amelegea. Wengi hukimbilia kuongeza dozi. Kufanya hivyo hukipandisha zaidi kilele cha wiki ya kwanza, na mporomoko hubaki palepale. Suluhisho ni kuzisogeza sindano zikaribiane na kuzipunguza ukubwa, kwa mfano miligramu 150 kila wiki 2, kisha kupima upya. Uamuzi huo ni wa daktari, na muuza dawa wa sokoni hana haki ya kuuchukua.

Damu inapokuwa nzito

Testosteroni huuchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu, na zikizidi, damu huwa nzito na inaweza kuganda ndani ya mishipa. Kipimo chake huitwa hematokriti, nacho hakihitaji mashine za gharama. Fundi hujaza damu katika kijibomba chembamba cha kioo, hukizungusha kwa kasi, kisha hupima sehemu iliyojaa chembe nyekundu. Ikipita asilimia 54, sindano husimamishwa hadi damu ishuke, chanzo kingine kitafutwe, kisha tiba irejee kwa dozi ndogo.

Hapa kwetu malaria huvuruga hesabu hii. Huvunja chembe nyekundu, hivyo hematokriti ya mtu aliyetoka kuugua inaweza kuonekana salama kumbe imeshushwa na ugonjwa. Homa kali hushusha pia testosteroni yenyewe kwa muda. Usipime ukiwa na homa. Pona kwanza, urudi.

Kwa wenye umri mkubwa hupimwa pia PSA, kipimo cha tezi dume. Ikipanda zaidi ya nanogramu 1.4 kwa mililita katika mwaka wa kwanza, na kipimo cha marudio kikathibitisha hivyo, mgonjwa aonwe na daktari bingwa wa njia ya mkojo.

Cha kuandika daftarini

Kila unapotolewa damu, hakikisha daftari lako lina mambo haya: jina la dawa na dozi, tarehe ya sindano ya mwisho, tarehe na saa ya kutolewa damu, kizio cha maabara, na kama uliugua karibuni. Daktari mgeni akilifungua daftari hilo, awe wa Kindu, Kasongo au Goma, ataweza kukupangia dozi bila kubahatisha.

Sehemu ya tatu itahusu uzazi. Testosteroni inayotoka nje huzima utengenezaji wa mbegu za kiume, na kijana anayetamani watoto asikubali sindano ya kwanza kabla ya kuzungumza na daktari kuhusu jambo hilo.