Dereva Asiyeonekana na Mapatano ya Mwaka 1988

Mtoto wa shule wa Mibirizi, huko Rusizi, akiandika jina la kwao katika kompyuta, na kwa bahati mbaya akaweka s mahali pa z, hufuta kosa kwa kitufe kimoja na kuendelea. Haulizi ni nani aliyelifuta. Leo tungependa kuuliza kwa niaba yake.

Katikati ya vitufe na programu hukaa mtumishi aitwaye dereva wa teminali. Yeye hupokea herufi, huzionyesha, husahihisha makosa, kisha huikabidhi programu mstari uliokamilika. Programu ikitaka vinginevyo, kwa mfano neno la siri lisionekane, haina budi kumwomba dereva huyo. Namna ya kumwomba ndiyo habari yetu.

Mfumo wa Unix ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Katika Toleo la Saba la mwaka 1979, namna hiyo ya kuomba iliitwa sgtty. Zama hizo teminali nyingi zilichapa juu ya karatasi, na karatasi haifutiki. Alama ya kufuta ilikuwa #. Mtoto wetu angaliandika Mibirisi##zi, na dereva angaliipa programu neno Mibirizi.

Sgtty ilikuwa fupi na nyepesi, lakini chaguo zake zilikuwa chache. Programu iliyotaka kupokea kila kitu kama kilivyo iliomba hali iliyoitwa raw, na hapo dereva aliacha kazi zake nyingi kwa pamoja, hata kile kitufe cha kuikatiza programu kikapoteza nguvu yake.

Kisha njia zikagawanyika. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliitia sgtty viraka juu ya viraka; kampuni ya AT&T, iliyomiliki maabara za Bell, ikaiacha na kutoa namna nyingine, termio. Mwandishi wa programu akalazimika kuiandika sehemu ile ile mara mbili, ama programu yake ikwame kwenye mashine ya jirani. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Suluhisho lilikuja mwaka 1988, chama cha wahandisi cha IEEE kilipotoa kanuni za POSIX. Ndani yake mlikuwa na termios, iliyojengwa juu ya termio pamoja na mambo mema ya Berkeley. Maombi yaligawanywa katika mafungu manne: yaingiayo, yatokayo, ya waya, na ya tabia za dereva mwenyewe, tena ikawekwa orodha ya herufi maalumu. Sasa programu yaweza kuzima jambo moja bila kuyagusa mengine. Mwaka 1990 kanuni hizo zikakubaliwa kuwa za kimataifa.

Faida yake haikubaki Marekani. Kuanzia mwaka 2008 Rwanda iligawa shuleni kompyuta ndogo za XO, ambazo hatimaye zilizidi 200,000. Zilitumia Linux, mfumo unaoifuata termios. Mwanafunzi aliyejifunza humo kuzungumza na dereva hakujifunza lugha ya kiwanda kimoja. Ujuzi ule ule wamfaa kwenye mashine nyingine nyingi.

Sgtty ilitumika vyema katika zama zake, nasi hatuidharau. Lakini chombo cha nyumba moja, kikishaingia katika nyumba nyingi, chahitaji mapatano ya wote. Nchi isiyotengeneza mashine ndiyo inayoyahitaji zaidi mapatano hayo.