Andalio la Somo Mawinguni: Funzo kwa Mwalimu Mwanagenzi

Utangulizi

Mwalimu mwanagenzi anapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, aghalabu huliona andalio la somo kuwa karatasi ya kumridhisha msimamizi. Huliandika usiku, hulibeba asubuhi, na msimamizi akishatoka darasani hulikunja na kulitia mkobani. Makala hii inanuia kulichunguza andalio hilo katika mazingira yasiyosamehe uzembe, yaani maandalizi ya wakufunzi wa urubani nchini Marekani, hususan wale wanaotafuta kibali cha kufundisha urukaji kwa vyombo. Tunaamini kuwa msomaji, hata asiyewahi kupanda ndege, atapata humo jambo la kumfaa.

Urukaji kwa vyombo

Katika Kiswahili, rubani alikuwa mtu wa bahari kabla ya kuwa mtu wa anga. Kazi yake ilikuwa kukiongoza chombo kwa kuzitambua alama za pwani. Rubani wa ndege naye, siku ya jua, huongozwa na upeo wa macho. Je, akiingia mawinguni ambako hakuna upeo, ataongozwa na nini? Jibu la haraka ni kuwa ataongozwa na hisi zake. Kwa bahati mbaya, hisi hizo humdanganya. Ndani ya sikio mna majimaji yanayotuarifu kuwa tunageuka. Ndege ikigeuka kwa mwendo usiobadilika kwa muda wa sekunde 20 hivi, majimaji hayo hutulia, na rubani hudhani kuwa anakwenda moja kwa moja. Akiinyoosha ndege, mwili humwambia kuwa sasa inalalia upande wa pili. Hapo hana budi kuukana mwili wake na kuviamini vyombo vilivyo mbele yake.

Kwamba jambo hilo linawezekana kulithibitishwa mnamo tarehe 24 Septemba 1929, pale James Doolittle alipopaa, akazunguka na kutua katika jimbo la New York akiwa amefunikwa asione nje. Kwamba haliwezekani bila mafunzo kulithibitishwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois wa mwaka 1954. Marubani 20 wasiokuwa na ujuzi wa vyombo walizibwa wasione nje, na wote walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani, kila mmoja alichukua sekunde 178, muda usiotimia dakika tatu. Hata hivyo, walipofundishwa hatua chache zilizopangwa kwa utaratibu za kugeuza ndege na kurudi walikotoka, karibu wote walifaulu. Waama, usione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kulitafakari suala hili kwa uzito. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, Kameruni, na watu wote 114 waliokuwamo wakafariki. Ripoti rasmi ya uchunguzi ilitaja kupotewa na hisi ya mwelekeo gizani miongoni mwa sababu za ajali hiyo.

Vipengele vya andalio

Anayetaka kibali hiki sharti awe tayari ni rubani wa kibiashara, au wa daraja la juu zaidi, mwenye idhini ya kuruka kwa vyombo. Kwa hiyo katika mtihani hatahiniwi urukaji peke yake. Mtahini humchagulia mada, naye humfundisha mtahini huyo kana kwamba ni mwanafunzi, kwanza chini na kisha angani.

Vipengele vya andalio lake havitakuwa vigeni kwa msomaji wetu: lengo, maudhui, ratiba, vifaa, vitendo vya mkufunzi, vitendo vya mwanafunzi na kiwango cha ukamilishaji. Tuchukue mfano wa somo la kukagua vyombo. Lengo lisemalo "mwanafunzi avielewe vyombo" halina maana, kwa kuwa hakuna awezaye kulipima. Lengo linalofaa husema kuwa kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kuruka bila kuona nje, huku kimo kisizidi wala kupungua kwa futi 100, na mwelekeo usipotoke kwa zaidi ya nyuzi 10.

Fauka ya hayo, andalio bora hutaja mapema makosa yanayotarajiwa. Katika somo hili ni matatu: kukodolea chombo kimoja macho, kukisahau chombo kingine kabisa, na kukitegemea kimoja kupita kiasi. Mkufunzi aliyeyaandika huyatambua yakianza. Asiyeyaandika hushtuka ndege ikishaanza kushuka.

Ndiyo maana andalio lililonakiliwa kutoka kwa mwingine halimfai mtahiniwa. Mtahini akiuliza "kwa nini?" mara mbili tu, aliyenakili hunyamaza, kwa sababu fikra zilizozaa andalio lile si zake.

Funzo kwetu

Mwalimu wa Kiswahili atakayefundisha upatanisho wa kisarufi naye ajiulize: nitajuaje kuwa wanafunzi wameelewa? Ni makosa yapi watakayoyafanya? Akitarajia kuwa watasema "kiti kubwa" badala ya "kiti kikubwa", atakuwa amekwisha kuandaa mifano ya kuwaonyesha kiambishi kinachokosekana. Asipotarajia, atasahihisha neno moja na kuliacha tatizo lenyewe.

Hitimisho

Ni kweli kwamba somo la ngeli likiharibika hapana ndege itakayoanguka. Hata hivyo, mwanafunzi aliyefundishwa ovyo huibeba hasara hiyo hadi chumba cha mtihani, na pengine hadi darasa lake mwenyewe atakapokuwa mwalimu. Tofauti ni kwamba anguko lake halisikiki. Basi tuyaandike maandalio yetu kama watu wanaojua kuwa kuna aliyeketi karibu nasi asiyeona nje, na ambaye ametuamini.