Redio za upepo: jinsi ya kusikika mbali zaidi

Katika baadhi ya vijiji tunakofanya kazi, mtandao wa simu haupatikani. Tunatumia redio ndogo za upepo kuita gari la wagonjwa mama anaposhikwa na uchungu usiku. Mwanzoni wahudumu wetu waliita bila kujibiwa, ingawa redio zilikuwa nzima.

Tulijifunza kwamba mawimbi ya redio hizi husafiri karibu kama mwanga, kilima huyazuia. Kwenye uwanda ulio wazi, upeo wa mtu aliyesimama chini ni kilomita 5 hivi. Juu ya kilima cha mita 100, upeo hufika kilomita 40 hivi.

Tunashauri hivi:

- Weka redio zote kwenye chaneli moja, kisha zijaribu.
- Toka ndani ya gari au nyumba ya bati, upande mahali pa juu.
- Simamisha antena wima, usiilaze.
- Bonyeza kitufe, subiri sekunde 1, ndipo useme.
- Chaji betri mapema.

Kabla ya kununua, uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kuhusu leseni.

Sasa kila mhudumu wetu anajua, kabla giza halijaingia, ni kilima kipi atapanda.