Vijana wa Buta hawakuanza kukataa siku ile

Jumapili moja baada ya misa, katika parokia moja mjini Muyinga, kijana aliyerejea kutoka Tanzania alinivuta pembeni. Hubeba mizigo mpakani Kobero, na kuna tajiri anayemtaka apitishe madumu ya petroli usiku kwa njia za panya. Kila asubuhi huapa kwamba leo atakataa. Jioni akisimama mbele ya tajiri yule, ulimi unakuwa mzito.

"Kaka, imani ninayo," aliniambia. "Mbona wakati ukifika inanikimbia?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamweleza habari za Buta, ambazo kambini alizisikia juu juu tu.

Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta, Bururi, kusini mwa Burundi. Waliingia katika bweni la wanafunzi wakubwa, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Vijana hawakusogea. Amri ikarudiwa, wakazidi kushikamana. Ndipo risasi na mabomu ya mkono yalipowaangukia. Wanafunzi 40 waliuawa, Wahutu na Watutsi pamoja.

Wapo wanaoisimulia habari hii kana kwamba ujasiri uliwashukia vijana wale dakika ile ile kutoka mbinguni. Mimi sikubaliani nao. Gombera wao, padri Zacharie Bukuru, ambaye baadaye aliandika kitabu juu yao, ameeleza kazi iliyotangulia. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, chuki ya nje ilipenya hata seminarini. Padri hakuwaambia wanafunzi wanyamaze. Aliwakalisha pamoja wazungumze waziwazi juu ya mauaji yaliyoikumba nchi, kila mmoja asikie msiba wa mwenzake. Walisali pamoja, walicheza ngoma na michezo pamoja. Kwa hiyo waasi walipofika, swali waliloletewa kwa bunduki vijana walikuwa wamekwisha kulijibu miezi mingi nyuma, wakiwa wametulia.

Tena jina la Kikristo peke yake halitoshi. Kibimba, karibu na Gitega, kulikuwa na shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Quaker. Oktoba 1993 makumi ya wanafunzi Watutsi wa hapo walichomwa moto katika kituo cha mafuta. Wauaji hawakutoka mbali, na wengi walikuwa wakijua Biblia. Mwaka 1994 wakazi wachache, Wahutu, Watutsi na Watwa, waliunda kamati ya amani pale pale Kibimba, wakaanza tena kukaa kikao kimoja. Wakati ule hata kuonekana ukizungumza na mtu wa upande wa pili kulitaka moyo.

Wazazi wa wengi wetu tuliokulia ukimbizini walikimbia mwaka 1972. Mwaka huo huo padri Michel Kayoya, mwandishi, aliuawa Gitega. Mwaka 2019 Kanisa lilifungua Bururi mchakato wa kumtangaza mtakatifu, yeye pamoja na vijana 40 wa Buta.

Kijana alisikiliza, kisha akaniuliza kwa ukali kidogo: petroli na bunduki vinafanana wapi? Ana haki. Hakuna atakayemuua kwa kukataa dumu. Atakosa tu pesa ya kodi ya chumba, na sisi wenye kushiba ni wepesi kuwahubiria wenye njaa. Lakini nilimwonyesha jambo moja: vijana wa Buta walikuwa wengi, yeye huenda kwa tajiri peke yake. Hajawahi kumwambia mtu yeyote parokiani, kwa sababu mikutano ya vijana pale huimba nyimbo, husoma somo, hufunga kwa sala, na habari za mpakani hazitajwi. Nilimwambia katekista hayo pia, naye hakufurahi sana.

Jumapili iliyofuata kijana alikuja na wenzake wawili, wote wabebaji wa Kobero. Mmoja alizaliwa kambini Mtabila, mwingine hajawahi kuishi nje ya Muyinga. Walikaa benchi la nyuma. Katekista alipouliza kama kuna mwenye neno, yule wa Mtabila alisimama, akaanza kusema wanalipwa kiasi gani kwa dumu moja, na ni saa ngapi huitwa.